Kulia na Kumlilia Mungu



Juma hili tuna vitenzi vitatu: kulia, kulilia na kunung'unika. Vitatusaidia kujibu swali ambalo watoto huuliza: Mkristo anapoteseka, asali namna gani? Je, anaruhusiwa kumwambia Mungu kwamba amechoka?

Tuanze na sarufi. Kulia hakuhitaji mtu wa pili. Mtoto analia, ng'ombe analia, hata kengele inalia. Kitie katika kauli ya kutendea, upate kulilia, na hapo lazima awepo anayeliliwa: mtoto anamlilia mama yake. Sala ya wakati wa mateso ni hiyo. Machozi ni yaleyale, ila sasa yuko anayeambiwa.

Fungueni Zaburi ya 13, inayotajwa kuwa ya Daudi. Ni fupi, mistari 6 tu. Daudi hapambi maneno. Mara nne mfululizo anamuuliza Mungu hali hii itaendelea mpaka lini. Kisha anaomba aangaliwe na ajibiwe, na mwishoni anasema anautumainia wema wa Mungu. Kuita, kueleza, kuomba, kutumaini: mpangilio huu mtaukuta katika zaburi nyingi za maombolezo. Si zote, lakini. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila neno la furaha. Nashukuru kwamba iliachwa hivyo katika Biblia, maana kuna usiku ambao mtu hana tumaini la kutamka, na bado anaweza kuisali zaburi hiyo.

Kunung'unika ni jambo jingine. Katika Kutoka 16, Waisraeli waliwanung'unikia Musa na Haruni jangwani, wakakumbuka vyungu vya nyama vya Misri. (Mmeiona kauli ya kutendea hapo? Ila walioambiwa ni Musa na Haruni.) Walimsema Mungu pembeni. Daudi alimwambia mwenyewe.

Na Yesu je? Usiku ule Gethsemane aliwaambia rafiki zake kwamba ana huzuni nyingi, akamwomba Baba yake kikombe kimwondokee, kisha akayakubali mapenzi ya Baba. Mathayo anaonyesha kwamba aliomba mara tatu. Sisi hupenda kuruka moja kwa moja hadi kwenye kukubali. Paulo naye aliomba mara tatu kuhusu mwiba wake, kama anavyosimulia katika 2 Wakorintho 12. Mwiba haukuondolewa. Alichopewa ni jibu kwamba neema ya Mungu inamtosha.

Wazazi, sasa nina neno nanyi. Simu inalia usiku: Bibi amefariki, Bukavu au Kigoma, na ninyi mko Manchester au Dallas. Nauli haipo, au karatasi hazijakamilika, na mazishi mtayatazama kwenye simu. Mtoto anauliza kwa nini Mungu hakusubiri mpaka tufike. Nasi tunamnyamazisha upesi: "Usiseme hivyo, mwanangu, Mungu ana makusudi yake." Huenda ni kweli, lakini mtoto amejifunza kwamba mbele za Mungu hupelekwa maneno yaliyonyooshwa tu, kama nguo za Jumapili. Afadhali umwambie, "Mwambie Mungu hivyohivyo ulivyoniambia mimi," kisha ukae naye.

Kama Kiswahili chake hakimtoshi kwa uchungu huo, asali kwa Kiingereza. Mimi mwalimu wa Kiswahili ndiye ninayesema! Na asiyepata maneno katika lugha yoyote amkumbuke Hana, katika 1 Samweli 1. Midomo ilicheza, sauti haikusikika, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Mungu alimsikia.

Zoezi la Jumamosi ijayo: andikeni sala ya mistari minne kwa mpangilio wa Zaburi ya 13, yaani mstari wa kuita, wa kueleza, wa kuomba na wa kutumaini. Tumieni angalau kitenzi kimoja katika kauli ya kutendea, mkipigie mstari chini yake. Ambaye hana la kuandika kwenye mstari wa nne auache wazi, hatapunguziwa alama. Darasani atasoma kwa sauti anayetaka tu.