Somo: Picha Yenye Koti la Kuazima
(Soma 1 Samweli 17:38-39)

Juma hili tunazungumza habari ya picha tunazoweka Facebook na WhatsApp.

Kijana mmoja wa kwaya alipiga picha amevaa koti la kuazima, amesimama mbele ya gari la wageni. Akaituma kwa ndugu zake walio Marekani. Sifa zikamiminika. Lakini tangu siku ile akaanza kukwepa simu za video, maana turubai lingeonekana nyuma yake. Hata kuimba mbele ya watu akaacha. Tulipomwuliza akasema, "Wakiniona nilivyo, watanidharau."

Tuelewe jambo hapa. Ndugu zake walisifu koti, naye alijua hivyo. Kwa hiyo sifa hazikumshibisha, zilimwongezea deni la kuendelea kuficha. David Clark na Adrian Wells, wataalamu wa mambo ya nafsi, walieleza mwaka 1995 kwamba mwenye hofu ya watu hujichunguza mno, tena hubuni njia za kujificha. Kujificha humpa nafuu ya kitambo, ila humnyima nafasi ya kugundua kwamba pengine watu wasingemkataa. Ndivyo hofu inavyokaa miaka.

Tena macho ya watu si mengi kama tunavyodhani. Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walieleza jaribio lao: wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji waliyemwonea aibu, wakaingizwa mmoja mmoja mbele ya wenzao. Walidhani karibu nusu wameitambua picha ile. Walioitambua walikuwa karibu robo tu.

Daudi alivishwa mavazi ya vita ya Sauli, akajaribu kutembea, akayavua kwa sababu hakuyazoea. Akaenda na fimbo yake na mawe ya kijitoni.

Je, kusema kweli ni kuanika kila kitu? Hapana! Wengine wetu tulikimbia watu ambao huenda bado wanatutafuta. Usiweke namba ya faili lako, wala karatasi za mahojiano, wala mahali unapolala. Kunyamaza kwa usalama si uongo. Tunachokataa ni kutengeneza maisha ambayo baadaye utalazimika kuyalinda.

Anayeogopa na aanze padogo, kwa ujumbe wa sauti kwa mtu mmoja anayemwamini. Na kama hofu imekuzuia shule, kazi au ibada kwa miezi, nenda pia zahanati ukaonane na mshauri. Kuombewa hakukatazi hilo.

Yule kijana hatimaye alimpigia dada yake simu ya video, ameketi juu ya ndoo, turubai nyuma. Dada akalia kidogo. Kisha akamweleza kwamba yeye husafisha vyumba vya hoteli usiku, na lile gari la kwenye picha zake ni la jirani. Miaka mitatu walikuwa wakitumiana picha!

Alhamisi saa kumi jioni vikundi vya nyumbani vitazungumza somo hili. Wazazi, njooni na vijana wenu. Swali la kwanza ni lenu: ni kitu gani cha nyumbani kwenu mnachoogopa wajomba na mashangazi wa mbali wakione?