SOMO LA FAMILIA: VIBANDA VYA FURAHA

Maandiko ya kusoma: Walawi 23:39-43, Kumbukumbu la Torati 16:13-15, Nehemia 8:13-18, Mwanzo 33:12-17, Luka 2:41-52.

Shabaha ya somo: Kuona kwamba kutoka pamoja na watoto wetu, hata kulala nje usiku mmoja, ni njia ya kuwafundisha matendo ya Mungu, na kujua jinsi ya kufanya jambo hilo kwa usalama.



Likizo ndefu ya shule inapokaribia, watoto wetu hapa Niboye huanza kuuliza: "Tutaenda wapi?" Watoto wa majirani wanapelekwa kwa bibi kijijini. Wetu hawana kijiji cha kwenda. Bibi yuko ng'ambo ya mpaka, au yuko kambini, au amelala katika kaburi tusiloweza kulifikia. Basi wengi wetu tunajibu, "Kaeni nyumbani," na maneno yanaishia hapo.

Kanisa likitangaza matembezi ya familia na kulala katika mahema, wazazi wengine wanasema: "Hema? Tumelala humo vya kutosha." Tusilidharau neno hilo. Kambi ya Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996, Nyabiheke mwaka 2005, Kigeme mwaka 2012, na Mahama, kwa ndugu zetu wa Burundi, mwaka 2015. Wengi wetu tulipokewa chini ya shitingi, mvua ikinyesha, watoto wakilia. Kwetu hema ni kukimbia. Je, Neno la Mungu linasema nini juu ya jambo hili?

1. MUNGU ALIGEUZA KIBANDA KIWE SIKUKUU

Waisraeli walikaa jangwani miaka 40 bila nyumba. Walipopewa nchi na kujenga nyumba nzuri, tungefikiri Mungu angewaambia wayasahau maisha yale. Hakufanya hivyo. Katika Walawi 23 aliwaagiza kila mwaka, baada ya mavuno, watoke katika nyumba zao na kukaa siku saba katika vibanda vya matawi. Sababu imeandikwa katika mstari wa 43: ni kwa ajili ya vizazi vyao, wapate kujua kwamba Bwana aliwakalisha baba zao katika vibanda alipowatoa Misri.

Tuone hapa mambo mawili. Kwanza, watoto ambao hawakuona jangwa ndio waliokusudiwa. Pili, amri haikuwa kulia. Waliagizwa kufurahi mbele za Bwana siku zote saba. Kibanda kilekile cha shida kikawa mahali pa matawi mabichi, matunda na nyimbo.

Tusome pia Nehemia 8. Hao ni watu kama sisi, waliorudi kutoka uhamishoni Babeli. Waliposikia torati ikisomwa, walikwenda mlimani kuleta matawi, wakajenga vibanda juu ya dari za nyumba, katika nyua na katika viwanja vya mji. Biblia inasema furaha yao ilikuwa kubwa sana. Wangeweza kusema, "Tumechoka na maisha ya vibanda." Lakini walitii, na watoto wao wakaona wazazi wakicheka.

Wapendwa, hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Watoto wetu wengi wamezaliwa ugenini. Habari za safari yetu wanazijua kwa vipande: baba ananyamaza, mama analia usiku, mtu mzima anazungumza kwa sauti ya chini mtoto akiingia. Mtoto asiposimuliwa, anajitungia mwenyewe, na mara nyingi anayojitungia ni ya kutisha kuliko kweli. Anahitaji kuisikia habari hiyo kutoka kwetu, mahali penye amani, tumbo likiwa limeshiba, akiwa amekaa magotini pa mzazi wake.

2. WOTE WAENDE

Kumbukumbu la Torati 16:14 inawataja waliopaswa kufurahi katika sikukuu: wana na binti, watumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kwa hiyo matembezi ya kanisa yasiwe ya wenye uwezo tu. Mjane mwenye watoto watano akiambiwa kila mtoto alipe, hataomba msaada; atasema tu kwamba mmoja anaumwa. Viongozi wahesabu nauli na chakula mapema, watu wachange kwa siri, na sufuria iwe moja. Mtoto mwenye ulemavu apangiwe mtu wa kumsaidia kabla ya siku kufika.

3. TUENDE KWA MWENDO WA WATOTO

Yakobo naye alikuwa mkimbizi. Alimkimbia ndugu yake, akakaa ugenini miaka 20, kisha akarudi na watoto wadogo. Esau alipotaka waende pamoja, Yakobo alimwambia kwamba watoto ni wachanga, naye angeongoza polepole kwa kadiri ya mwendo wao. Baadaye alipumzika mahali akajenga vibanda vya mifugo yake, na mahali pale pakaitwa Sukothi, maana yake vibanda.

Ukiwa na watoto wadogo, usianze na safari ndefu. Kwanza nendeni matembezi ya asubuhi moja. Jumapili ambazo barabara kadhaa za Kigali hufungwa magari yasipite, utaratibu ulioanza mwaka 2016, ni nafasi nzuri ya kutembea bila nauli kabla ya ibada. Pili, nendeni siku nzima. Bustani ya Nyandungu, upande wa Ndera na Nyarugunga, ilifunguliwa mwaka 2022. Lilikuwa bonde la kinamasi lililoharibiwa. Sasa lina hekta 121 zenye miti, ndege na njia za miguu. Ulizeni kiingilio kabla ya kwenda. Ndipo, watoto wakizoea, mpange kulala nje, hata kama ni katika ua wa kanisa tu. Wale wa Nehemia walifanya hivyo katika nyua zao.

4. TUWAHESABU WATOTO

Yusufu na Mariamu walikuwa wazazi wema, hata hivyo walitembea siku nzima wakidhani Yesu yumo katika msafara. Walimpata baada ya siku tatu. Katika kundi kila mtu hudhani mwingine anamwona mtoto. Kwa hiyo tushike haya:

- Kila mtu mzima apewe watoto wachache kwa majina. Wahesabiwe wakati wa kutoka, kufika, kula, kulala na kurudi.
- Mtoto mdogo aandikiwe namba ya simu ya mzazi kwenye karatasi mfukoni.
- Karibu na maji, kama mkienda ziwa Muhazi, mtu mzima mmoja awe na kazi ya kuwatazama watoto tu, bila simu wala mazungumzo.
- Usiku watoto walale na wazazi wao. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto asiye wake, hata akiwa mtumishi wa kanisa.
- Jiko la makaa, yaani mbabula, lisiingizwe kamwe ndani ya hema, hata kwa baridi. Hewa yake huua watu wakiwa usingizini. Kigali iko juu kama mita 1,500, usiku ni baridi. Chukueni mablanketi na soksi.
- Chukueni chandarua, tochi, sabuni, maji yaliyochemshwa na dawa za wanaozitumia.
- Mifuko ya plastiki imekatazwa Rwanda tangu mwaka 2008. Fungeni viazi, mayai na chapati katika vikapu na vitambaa, na takataka zirudi nyumbani.
- Msipange kusafiri asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu ya umuganda. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo isiyo na mvua nyingi.
- Kila mtu mzima achukue kitambulisho chake cha mkimbizi. Ndugu wa kambini waombe ruhusa ya kutoka mapema. Mkitaka kuimba na kuomba hadharani, viongozi waombe kwanza ruhusa kwa mamlaka husika.

5. TUSIMULIE KWA HEKIMA

Jioni, baada ya chakula, wazazi wasimulie. Si lazima kueleza damu na mauti mbele ya mtoto wa miaka sita. Mwambie jina la kijiji chenu, mto wenu, mti uliokuwa mlangoni. Mwambie ni nani aliyewapa maji njiani, ni nani aliyembeba mdogo wenu. Mwambie mahali Bwana alipowasaidia. Na mzazi ambaye bado moyo wake unaumia asilazimishwe kusema, wala kulala katika hema. Aje mchana, akae chini ya mti, ale na wenzake. Hilo nalo ni sikukuu.

Mtoto akiogopa giza, asichekwe. Ashikwe mkono.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Kwa nini Mungu hakutaka Waisraeli wasahau vibanda?
2. Watoto wetu wanajua nini juu ya safari yetu? Nani aliwaambia?
3. Ni familia gani jirani ambayo haiwezi kwenda bila msaada wetu?
4. Tukianza na matembezi ya asubuhi moja, twende wapi, na lini?

TUOMBE: Bwana, ulikuwa pamoja nasi chini ya shitingi. Ufurahi pamoja nasi na watoto wetu. Katika jina la Yesu, amina.