Klabu mbili, fulana moja

SWALI: Ninaishi Uingereza na nimejiunga na klabu mbili za riadha, moja jirani na nyumbani, nyingine karibu na kazini. Je, zote zinaweza kunitumia katika mbio za nyika?

JIBU: Kufanya mazoezi na zote, ruhusa. Katika mashindano ya ubingwa, pointi zako ni za klabu yako ya kwanza tu, ile uliyoiandikisha kuwa ndiyo kuu. Baadhi ya ligi za mitaa zina utaratibu wao, hivyo soma kanuni zao.

Ukali huo una sababu. Katika ubingwa wa kitaifa wa England, timu ya wanaume huhesabiwa wakimbiaji sita. Wakimaliza wa 3, 9, 14, 20, 31 na 40, jumla ni 117, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Mkimbiaji mmoja wa kuazima angeweza kugeuza matokeo yote.

Ukitaka kuhama, anza mapema, maana uhamisho haukamiliki siku moja. Muulize katibu wa klabu kabla ya msimu, si asubuhi ya mbio umeshavaa njumu.