KIUNGO CHA NYONGA NA JINSI KINAVYOBADILISHWA

Na mwanafunzi wa Kidato cha IV

Katika kijiji chetu wilayani Ikungi, mzee akianza kuchechemea watu husema, "Uzee huo," na maneno huishia hapo. Wengine hunong'ona kwamba amekanyaga kitu kilichotegwa njiani. Nimeona yafaa nieleze ugonjwa huu ni nini, na madaktari wa leo wautibu vipi. Nimesaidiwa na mwalimu wetu wa Baiolojia na mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyemhudumia Bibi yangu.

1. Nyonga ni kitu gani?

Nyonga ni mahali paja linapoungana na kiwiliwili. Ncha ya juu ya mfupa wa paja ni ya mviringo kama mpira mdogo, nayo imekaa ndani ya shimo la fupanyonga, kama mchi ukaavyo katika kinu. Mpira na shimo vyote viwili vimefunikwa na gegedu, ambayo ni laini na yenye utelezi, na kati yake mna ute ufanyao kazi ya mafuta. Ndiyo maana mguu huenda mbele, nyuma na pembeni bila kukwama.

Wanafunzi wa Fizikia watapenda kujua nyonga hubeba mzigo gani. Kila tupigapo hatua, kwa kitambo kidogo twasimama kwa mguu mmoja. Wakati huo uzito wa mwili uko upande mmoja wa nyonga, na misuli ya upande wa nje huvuta ili tusianguke. Ni kama ubao wa pembea, na egemeo lake ni nyonga. Lakini misuli hiyo iko karibu zaidi na egemeo kuliko ulivyo uzito wa mwili, kwa hiyo yalazimika kuvuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito wenyewe. Nyonga hubeba nguvu zote mbili kwa pamoja. Mtu wa kilo 60 akitembea, nyonga yake huelemewa na mzigo wa kama kilo 150 hadi 180.

Katika hesabu hiyo limo somo lisilo na gharama. Fimbo ya mgonjwa ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Hapo fimbo husaidia kazi ya misuli, na mzigo wa nyonga mbovu hupungua. Wazee wengi, Bibi yangu akiwa mmoja wao, huishika upande ule ule unaouma.

2. Kwa nini nyonga huharibika?

Sababu ni nyingi. Nitataja zile kubwa.

(a) Uchakavu. Gegedu hulika kidogo kidogo hata mfupa ukasuguana na mfupa. Maumivu husikika kinenani, pengine hushuka mpaka gotini, na mgonjwa hushindwa kuinama kukata kucha za miguu.

(b) Kuvunjika. Mzee akianguka, shingo ya mfupa wa paja yaweza kukatika, na mara nyingi damu iliyokuwa ikilisha kile kichwa cha mviringo hukatika pia.

(c) Kukosa damu bila kuvunjika. Hili huwapata hasa wagonjwa wa selimundu, walevi wa kupindukia, na baadhi ya watu waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Mfupa hufa, kisha hubonyea. Tukikumbuka kwamba nchini Tanzania huzaliwa kiasi cha watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, tutaona kwamba ugonjwa wa nyonga si wa wazee peke yao.

(d) Baridi yabisi, kifua kikuu cha mifupa, na kasoro za tangu utotoni.

3. Nyonga ya bandia ilivyopatikana

Mwaka 1891 daktari wa Kijerumani, Themistocles Gluck, alijaribu kutengeneza nyonga kwa pembe ya ndovu, mali ile ile iliyokuwa ikibebwa vichwani kutoka Tabora, kupita Ugogo, hadi Bagamoyo. Viungo vyake havikudumu, maana wakati huo hapakuwa bado na dawa za antibiotiki.

Aliyefaulu ni John Charnley, Mwingereza, katika hospitali ya Wrightington. Yasemekana alianza kulifikiria jambo hili alipomwona mgonjwa mwenye kiungo cha plastiki kilicholia kila alipoinama, hata mkewe akachoka kukaa naye. Charnley akatambua kwamba shida ni msuguano. Akatengeneza mpira mdogo wa chuma cha pua, wenye kipenyo cha milimita 22 hivi, unaozunguka ndani ya kikombe cha plastiki, na akavigandisha mifupani kwa saruji ya namna iliyotumiwa na madaktari wa meno.

Plastiki ya kwanza aliyoitumia, Teflon, ilimwangusha. Ililika baada ya miaka michache, naye ikambidi awapasue tena wagonjwa wake mwenyewe. Kisha ikaletwa plastiki nyingine, aina ya polithini. Charnley aliidharau, lakini fundi wake, Harold Craven, akaiweka katika mashine ya kupimia. Baada ya wiki tatu ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja. Tangu Novemba 1962 wagonjwa wakaanza kuwekewa hiyo, na mpaka leo polithini iliyoboreshwa ndiyo hutumika zaidi katika vikombe. Mipira ya siku hizi ni ya chuma au ya kauri, na vipande vingi vya kuingia mfupani hufanywa kwa titani.

4. Upasuaji wenyewe

Hapa kwetu kazi hii hufanywa katika hospitali kubwa, kama vile Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996. Mgonjwa wa Singida huanza zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya mkoa, halafu hupewa barua ya rufaa.

Kabla ya siku yenyewe hupigwa eksirei na kupimwa damu, sukari na shinikizo la damu. Jino bovu au kidonda chochote hutibiwa kwanza, kwa kuwa vijidudu vyaweza kusafiri katika damu hadi kwenye kiungo kipya. Mvutaji wa sigara huambiwa aache. Mwenye VVU anayetumia dawa zake vizuri hakatazwi.

Mara nyingi mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, naye asisikie kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Wengine hulazwa usingizi kabisa. Daktari hukata ngozi, hufungua misuli, na kukitoa kichwa cha mfupa shimoni. Kichwa hicho hukatwa kwa msumeno. Shimo huchongwa likawa duara safi, na kikombe kipya hupachikwa. Kisha mfupa wa paja hutobolewa kwa ndani, hupigiliwa shina la chuma, na juu yake huwekwa mpira mpya. Mpira hurudishwa kikombeni, urefu wa miguu hulinganishwa, na jeraha hushonwa. Yote haya huchukua kama saa moja na nusu au mbili.

5. Mambo yaliyotupata nyumbani

Bibi yangu mzaa baba ana miaka 68. Kwa miaka 4 alipewa vidonge vya maumivu na kuambiwa ni uzee. Hatimaye picha ya eksirei ilionyesha kwamba kati ya mpira na shimo hapakubaki nafasi hata kidogo.

Ukoo ukakaa kikao. Vyuma vya nyonga huagizwa kutoka nje, nasi hatukuwa na bima, kwa hiyo shauri likawa kuuza ng'ombe 4. Baba mdogo akasema, "Mama amekwisha kula chumvi nyingi. Tukiuza ng'ombe kwa ajili ya mguu, watoto watasoma kwa nini?" Shangazi akamjibu kwamba sisi sote tumesomeshwa kwa kuku wa Bibi. Maneno yakawa makali. Ndipo Bibi akasema, "Sitafuti kuishi miaka mingi. Nataka kwenda chooni bila kushikwa mkono." Hakuna aliyeongeza neno.

Katika ng'ombe wale 4, wawili walikuwa wametengwa kwa mahitaji yangu ya Kidato cha V. Sitasema kwamba nilifurahi. Usiku ule nilihesabu mara nyingi, na hesabu haikukubali.

Bibi alipasuliwa mwezi Juni mwaka jana katika hospitali ya rufaa nje ya mkoa wetu. Siku ya pili alisimamishwa kwa fremu ya kutembelea. Alilia kwa maumivu ya jeraha, lakini akatuambia kwamba yale maumivu ya zamani hayakuwapo tena.

6. Baada ya kurudi nyumbani

Hapa ndipo jamaa wanapohitajika. Kwa wiki 6 hadi 12, kadiri daktari atakavyosema, mgonjwa asikunje nyonga kupita pembe mraba, asikunje nne, wala asiupindue mguu kwa ndani. Akikosea, mpira waweza kuchomoka.

Mambo hayo ni rahisi kuyasema, lakini mazoea yetu yapingana nayo. Vigoda vyetu ni vifupi, mafiga yako chini, na choo ni cha kuchuchumaa. Baba alikata tundu katika kiti cha mbao akakiweka juu ya tundu la choo. Kitanda kiliinuliwa kwa matofali. Mimi nilijenga jiko la udongo la kufika kiunoni, ingawa shangazi alimkataza Bibi kupika kwa miezi 2. Mwislamu aweza kusali akiwa ameketi kitini.

Mgonjwa afanye mazoezi kila siku, atembee kidogo kidogo, na atumie dawa za kuzuia damu kuganda kama alivyoandikiwa. Akiona mguu umevimba, jeraha latoa usaha, ana homa, au ghafula hawezi kukanyaga, apelekwe hospitali siku ile ile. Akibanwa na pumzi au kuumwa kifua, asingojewe hata saa moja.

7. Hatari, na umri wa nyonga mpya

Nyonga mpya ina hatari zake: vijidudu kuingia, damu kuganda, mpira kuchomoka, na miguu kutolingana kidogo. Watu wengi hawapatwi, lakini mgonjwa ana haki ya kuelezwa kabla hajatia sahihi.

Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika nyonga 100 za bandia, kama 58 bado zafanya kazi baada ya miaka 25. Jirani zetu wa Malawi wana daftari la taifa tangu 2005, ambamo viungo vinavyobadilishwa huandikwa ili ijulikane vimedumu vipi.

8. Neno kwa wazazi na wanafunzi

Bibi sasa huenda gulioni kwa miguu yake na kuuza kuku, fimbo ikiwa mkono wa upande unaofaa. Hachuchumai, wala hapalilii alizeti. Ng'ombe hawajarudi zizini, nami sijui bado Kidato cha V nitakiendaje. Lakini sasa jambo moja nalijua: kama angepigwa picha ile mapema, kikao chetu kingefanyika mapema, na miaka 4 ya maumivu ingepungua. Basi mkiona mzee au kijana achechemea kwa majuma mengi, ombeni apigwe picha. Wasio na uwezo wamwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Na mwenye kuweza kujiunga na bima ya afya ajiunge akiwa bado mzima.

Maswali

1. Kwa nini nyonga hubeba mzigo mkubwa kuliko uzito wa mwili?
2. Mtu anayeumwa nyonga ya kulia ashike fimbo kwa mkono gani? Eleza sababu.
3. Taja mambo matatu ya kurekebisha nyumbani kwenu kabla mgonjwa hajarudi kutoka hospitali.