Barua ya kuacha kazi isiyo na tarehe

Mwalimu wa chekechea katika skuli moja ya binafsi ameniandikia kutoka Kengeja. Ana mimba ya miezi saba. Siku aliyosaini mkataba aliwekewa na karatasi ya pili chini yake: barua ya kuacha kazi "kwa hiari yangu", imeshapigwa chapa, mahali pa tarehe patupu. Alidhani ndio utaratibu. Wiki iliyopita mwenye skuli aliijaza tarehe kwa kalamu ya rangi nyengine, akamwambia akajifungue salama.

Si utaratibu, mwanangu, ni wizi. Hiari haiandikwi kabla ya jambo lenyewe kutokea. Barua hizi nimeshaziona mara nyingi, na kila mara mwenye nayo ni mwanamke kijana aliyekuwa na dhiki ya kazi siku aliyosaini.

Ati likizo ya uzazi ni ya watu wa Serikali tu? Uongo. Sheria ya Ajira ya Zanzibar Na. 11 ya 2005 inamhusu na mwajiri binafsi: siku 90 zenye malipo, 100 ukijaaliwa pacha. Na shemeji yako wa Tanga anayekwambia udai siku 84 anakupoteza bila ya kujua. Hiyo ni sheria ya Bara ya 2004. Kazi si jambo la Muungano, na dai lililoandikwa kwa sheria ya Bara hurudishwa mlangoni.

Unaniuliza pia kama kutoolewa kwako kunakuvunjia haki. Hakukuvunjii, wala mwajiri hana ruhusa ya kukutaka cheti cha ndoa. Lakini khofu yako naijua ilikotoka. Sheria ya Zanzibar ya 1985 ilimfanya mwanamke asiyeolewa akipata mimba kuwa mkosaji, kifungo hadi miaka miwili. Kifungo hicho kiliondolewa 2005, mwaka ule ule wa Sheria ya Ajira. Miaka 20 ile mama zetu walijifunza kuficha tumbo, na waajiri wamejifunza kuitumia aibu hiyo.

Sheria yenyewe nayo haijatosha. Shirika la Kazi Duniani liliweka wiki 12 mwaka 1952, ndizo siku 84 za Bara. Mwaka 2000 likapandisha hadi wiki 14, siku 98. Sisi na 90 zetu bado tuko nyuma. Na mama anayefunga mwani maji yakitoka, au anayechambua karafuu, hana mwajiri, kwa hivyo hana hata siku moja. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF) una mpango wa hiari kwa watu kama yeye, lakini kuchangia kila mwezi kwa bei ya mwani ya sasa ni mtihani.

Sasa fanya haya, na usingoje arubaini, maana malalamiko ya kazi yana muda wake. Andika leo kwamba hujaacha kazi, na kwamba barua ile ulisainishwa siku moja na mkataba, ikiwa haina tarehe. Ambatisha nakala ya kadi ya kliniki. Mwenye skuli asaini nakala yako. Akikataa, mpelekee mbele ya shahidi. Kisha nenda Chake Chake kwa watu wa Kamisheni ya Kazi. Afisa akikwambia "nendeni mkazungumze", mwambie akuandikie maneno hayo kwa mkono wake, aweke na tarehe.