Dondoo muhimu: Kuongeza jani la springi nyumbani

Pikapu inayobeba magunia ya alizeti kutoka Ilongero kwenda Singida mjini huchoka nyuma kwanza. Kabla ya kuongeza jani la springi, kagua bushi. Mara nyingi ndizo zilizokwisha. Gari likae juu ya stendi imara, kamwe si jeki peke yake, na magurudumu ya mbele yawekewe kabari. Jani jipya liwe na upana na mkunjo unaolingana na majani ya zamani, nalo liwekwe pande zote mbili. Usikubali springi ichomelewe, hata fundi akikuapia: moto huondoa ugumu wa chuma, nayo hukatika jirani na pale palipochomelewa. Funga yubolti (bolti za umbo la U) mpya, kisha uzikaze tena baada ya safari ya kwanza. Hata ukiongeza jani, uzito wa mzigo ulioruhusiwa na kiwanda hauongezeki.