Ukiletewa Kibati cha Mjerumani, Kisome Kabla ya Kutoa Hela

Kwetu Kibaha na Kisarawe, habari za mali ya Mjerumani haziishi. Reli ya kati inayopita Soga na Ruvu aliijenga yeye, akaanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro 1907. Kwa hiyo mtu akija na kipande cha chuma chenye herufi za Kijerumani, bei anayoitaja huwa kubwa kuliko kitu chenyewe. Hapa nataka tuzungumzie kibati cha utambulisho, yaani bamba dogo lenye umbo la yai ambalo askari alilivaa shingoni kwa uzi ili akifa ajulikane ni nani.

Utakisomaje? Hutahitaji kununua chochote. Zima taa, washa tochi ya simu na uilaze pembeni ya kibati, mwanga upite juu ya maandishi badala ya kuyamulika kutoka juu. Herufi zilizofifia zitatupa kivuli. Zikigoma, tandika karatasi nyepesi na usugue taratibu kwa ubavu wa penseli. Usikisafishe kwa ndimu wala kwa msasa. Vingi ni vya zinki, yale madini yanayopakwa kwenye mabati ya kuezekea, na ndimu huila. Mswaki mkavu unatosha.

Sasa tazama kama kuna jina la mtu. Vibati vya Vita ya Kwanza vya kuanzia 1915 kwa kawaida vina jina, mji wa nyumbani na tarehe ya kuzaliwa, ambayo hutanguliwa na "geb.". Vya Vita ya Pili havina jina. Vina kikosi, namba na mara nyingi herufi ya kundi la damu: A, B, AB au O. Ukubwa wake ni kama sentimita 7 kwa 5, na katikati kuna mstari wa nyufa ili kiweze kuvunjwa vipande viwili. Askari akifa, nusu ya juu ilibaki na maiti na ya chini ikapelekwa ofisini kuandikishwa.

Tuseme umekuta "2. Komp. Inf. Ers. Btl. 83" na namba 1147. Maana yake ni kombania ya 2, batalioni ya 83 ya akiba ya askari wa miguu, na mwenyewe ni wa 1147 katika orodha. Wengi hukosea hapa. Hicho ni kikosi alichoandikishwa kwanza, si lazima kiwe alichopigana nacho.

Na je, muuzaji akisema kimefukuliwa Ruvu, kilivaliwa na askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani hapa kwetu katika Vita ya Kwanza? Mwulize kama kina nyufa za kuvunjia. Vibati vya kuvunjika vipande viwili vilianza Septemba 1917. Wakati huo Waingereza walikuwa wamefunga bahari, na Dar es Salaam wameishika tangu Septemba 1916. Meli mbili tu za mizigo ndizo zilizopenya kuja kwa Wajerumani, moja Aprili 1915 na nyingine 1916. Hata ndege kubwa ya gesi, L59, iliyotumwa Novemba 1917 iligeuzia Sudani. Kibati cha aina hiyo hakikuwa na njia ya kuwafikia askari wale. Kinaweza kuwa cha kweli, lakini kimekuja baadaye kutoka Ulaya, labda na mlowezi, maana Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925, au kimenunuliwa tu mtandaoni. Cha Vita ya Pili ndiyo kabisa: hapa kwetu hapakuwa na mapigano.

Vya bandia pia vipo vingi. Herufi za kweli nyingi ziligongwa kwa mkono moja baada ya nyingine, kwa hiyo hupanda na kushuka kidogo. Zikiwa zimenyooka kama za mashine, shuku. Sumaku ya spika mbovu ikinata, si zinki wala alumini. Vipo vya chuma vya mwishoni mwa vita, lakini uliza zaidi. Alama za SS, kikosi cha chama cha Hitler, huongeza bei, ndiyo maana matapeli wanazipenda.

Usichimbe mwenyewe. Kufukua vitu vya kale bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ukikuta mifupa, acha kila kitu kilivyo, mwambie mwenyekiti wa mtaa au kijiji na polisi. Ukikuta kombora, usiliguse.

Kwa ushauri, anza na afisa utamaduni wa halmashauri yako, au nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Kutafuta jina la mfungwa wa Vita ya Kwanza katika kumbukumbu za Msalaba Mwekundu wa Geneva ni bure mtandaoni. Vibati vya Vita ya Pili hushughulikiwa na Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani, Bundesarchiv, Berlin. Watumie picha za pande zote mbili na maelezo ya mahali kilipopatikana, uulize ada kabla hawajaanza kutafuta, na kibati chenyewe usikitume kwa posta.